Kuta Zinenazo: Tarikhi ya Wachoraji wa Matangazo katika Miji Yetu

Wahenga wetu walisema kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza, na kwa kauli hiyo walimfundisha mnunuzi kutahadhari na kila bidhaa inayopigiwa makelele. Lakini wahenga hao hao waliishi katika bandari ambazo riziki yake ilitoka katika biashara, wakajua vilevile kwamba mwuza ubani aliye ndani ya uchochoro hana budi kupata njia ya kumjulisha mgeni aliyeshuka chomboni asubuhi ile kwamba ubani upo, kwamba ni mzuri, na kwamba mlango wa kubisha ni huu wala si ule. Kati ya hadhari ile na haja hii ndipo ulipozaliwa ufundi ninaokusudia kuusimulia hapa, yaani ufundi wa kuandika na kuchora juu ya kuta, mbao na magari ya miji yetu kwa ajili ya kuita wateja. Aghalabu ufundi huu huhesabiwa kuwa jambo dogo, na mafundi wake hawakuwekewa makumbusho wala taadhima. Hata hivyo, mtu akifuata tarikhi yake kwa utulivu ataona kwamba nyuma ya kila ukuta unenao wapo watu wawili, yule anayeuza na yule aliyechora, na kwamba kwa sehemu kubwa hadithi ya ufundi huu ni hadithi ya huyu wa pili akitafuta mahali pa kuweka jina lake.

Kabla ya ukuta palikuwa na sauti. Katika miji ya pwani habari ya umma ilitangazwa kwa mbiu, pembe iliyopulizwa njiani na mtu aliyepewa kazi hiyo, na watu waliposikia mlio wake walitoka barazani kusikiliza, maana walikwisha jua kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mbiu ilikuwa mali ya mamlaka. Mchuuzi alikuwa na sauti yake ndogo ya kunadi samaki au maji, na mwuza kahawa wa Mombasa na wa Unguja hata leo hugonganisha vikombe vyake ili aliyeketi ndani ajue kwamba kahawa inapita. Lakini sauti hufa mara tu inapotoka kinywani, na mwenye duka, ambaye hawezi kulibeba duka lake kichwani na kuzunguka nalo mitaani, alihitaji kitu kitakachosema kwa niaba yake mchana kutwa, hata yeye akiwa msikitini au amelala.

Kuta za pwani zilikuwa zimezoea mkono wa binadamu tangu zama za kale. Katika magofu ya Kilwa, Songo Mnara na Gedi wachunguzi wa mambo ya kale wamekuta michoro ya vyombo vya bahari iliyokwaruzwa kwa ncha kali juu ya lipu ya chokaa, milingoti na matanga na kamba zikionyeshwa kwa mistari michache tu, lakini mistari ya mtu aliyekijua chombo na hakukisia. Na mwaka 1964 Peter Garlake na Margaret Garlake walichapisha makala juu ya michoro hiyo katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Ndani ya Ngome ya Yesu mjini Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, umehifadhiwa ukuta uliochorwa na Wareno waliokaa humo, wakaujaza meli, makanisa na sura za watu kwa rangi nyeusi na nyekundu. Michoro hiyo haikuuza kitu, wala sidai kwamba ilikuwa matangazo ya biashara. Naitaja kwa sababu inathibitisha kwamba katika mji wa bandari, ambamo watu huja na kuondoka kwa kufuata upepo, ukuta ulikuwa mahali pa kumwachia neno yule atakayepita baadaye, na kwamba aliyeliacha neno hilo hakuacha jina.

Tangazo la kweli, lenye kusudi la kumwathiri mpita njia, tunalikuta kwanza katika mlango. Tajiri wa Unguja au wa Lamu aliyejenga nyumba ya mawe hakuandika juu yake ni mali gani anayofanyia biashara. Aliwaachia maseremala wa nakshi wamsemee. Juu ya kizingiti yalichongwa maneno ya Kiarabu, pengine aya ya kutaka baraka, pengine mwaka wa Hijra na jina la mwenye nyumba. Juu ya miimo ikateremka minyororo, mayungiyungi, samaki na matawi ya mtende. Katikati ukasimama mfaa, na katika mbao zikapigwa njumu za shaba. Mlango wa namna hiyo ulimwambia mfanyabiashara mgeni, kabla hajatamka salamu, kwamba humu ndani mna mtu mwenye uwezo wa kutimiza ahadi. Hiyo ilikuwa sifa ya biashara iliyonenwa kwa staha, pasipo bei na pasipo makelele, nayo ilidumu miaka mia na zaidi. Jina la mwenye nyumba likaandikwa. La seremala, aghalabu, halikuandikwa popote.

Mambo yaligeuka ilipokuja reli. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na mwishoni mwa mwaka 1901 njia ikafika ukingoni mwa Ziwa Viktoria, mahali panapoitwa leo Kisumu. Na kila kituo kilipozaliwa, duka lilizaliwa pembeni yake. Allidina Visram, aliyetoka Kutch katika Bara Hindi akaja pwani yetu angali kijana mdogo, alieneza maduka yake kwa kufuata njia hiyo mpaka Uganda, na wengine wengi wakamfuata kwa mitaji midogo zaidi. Duka hilo la bara halikuwa na mlango wa nakshi. Lilikuwa la mabati, nalo lilifanana na jirani yake kwa kila hali, kwa hivyo lilihitaji maandishi. Kutoka ng'ambo vikaja vibao vya chuma vilivyopakwa rangi na kuchomwa motoni hata vikang'aa, vya sabuni, vya sigara, vya majani ya chai na vya cherehani za Singer, navyo vikapigiliwa misumari juu ya kuta za bati kutoka Mombasa hata mwambao wa maziwa. Wakati huo huo hati iliyotumika kuandikia Kiswahili ilikuwa ikibadilika. Watoto wa shule walifundishwa herufi za Kirumi, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa nchi za Afrika Mashariki ikasawazisha tahajia. Hivyo mkono uliozoea kupinda herufi za Kiarabu kwa kalamu ya mwanzi ulilazimika kujifunza kusimamisha A na K kwa brashi.

Hapo ndipo alipotokea mwandishi wa mabango kama tumjuavyo. Kibao cha ng'ambo kilitaja bidhaa ya ng'ambo. Hakuna kiwanda cha mbali ambacho kingeandika jina la kinyozi wa Pumwani, la mama mwenye hoteli ya Kariakoo, au la mchinjaji wa Kisauni, na watu hao nao walikuwa na haja ya kuitwa wateja wao. Akawaandikia kijana wa mtaani aliyekuwa na mkono mzuri shuleni. Na kwa kuwa wapita njia wengi wa siku zile hawakujua kusoma, au walisoma polepole, kijana huyo alilazimika kusema kila jambo mara mbili, kwa herufi na kwa picha. Bucha ikapata ng'ombe mnene, na kinyozi akapata safu ya vichwa vilivyotazama upande mmoja, kila kimoja na mkato wake, ili mteja aelekeze kidole badala ya kutafuta maneno. Hoteli ikapata birika linalofuka mvuke na sahani ya pilau, na fundi wa baiskeli akapata gurudumu. Hata baada ya elimu ya watu wazima kuenea, kama ilivyokuwa Tanzania katika kampeni za miaka ya 1970, picha hazikuondoka, kwa sababu wenyewe walikwisha zipenda, na kwa sababu ng'ombe aliyechorwa vizuri humvuta hata msomi.

Kazi yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu, maana watu wengi huipita wakidhani ni kupaka rangi tu. Fundi huanza kwa kuuchunguza ukuta. Akiukuta unatoa unga mweupe wa chumvi, huukwangua na kuusugua, akauacha ukauke barabara, kisha akaupaka rangi ya chini mikono miwili, kwa sababu rangi ya mafuta iliyowekwa juu ya lipu mbichi hubanduka kabla ya mwaka kwisha. Baadaye huchukua uzi, akaupaka chaki, akaushikiza ncha zote mbili, akauvuta katikati na kuuachia. Uzi hupiga ukuta na kuacha mstari ulionyooka kuliko mkono wowote uwezavyo. Ndani ya mistari hiyo hupanga herufi kwa penseli au kwa mkaa, na hapa ndipo hikima ilipo, maana herufi hazigawiwi nafasi sawa. I hutosheka na padogo, M na W hudai pakubwa, na O ikilinganishwa kwa rula na wenzake huonekana imenywea, kwa hivyo fundi mzoefu huizidisha kidogo juu na chini ya mstari ili jicho liione sawa. Asiyehesabu mapema hufika ukingoni mwa ukuta akiwa na herufi mbili mkononi na hana pa kuziweka. Kisha huegemeza mkono wa kuume juu ya kijiti alichokishika kwa mkono wa kushoto, brashi isitetemeke wala kiganja kisigusie rangi mbichi, na huanza juu akishuka chini. Mwishoni huitia kila herufi kivuli, siku zote upande mmoja, kana kwamba jua limeamriwa kusimama mahali pamoja mbinguni, na jina la duka huinuka kutoka ukutani kama kitu kinachoweza kushikwa.

Tena fundi huyo alikuwa mshauri wa maneno. Mwenye duka alimjia na haja yake, naye aliipunguza mpaka ikawa fupi, ya heshima na yenye kukumbukwa. Yeye ndiye aliyeandika juu ya kaunta kwamba kukopa harusi kulipa matanga, na kwamba leo ni kwa fedha na mkopo uje kesho, ili mwenye duka asilazimike kumkatalia jirani yake uso kwa uso. Ukuta ulichukua lawama, na ujirani ukasalimika. Aliweza kuyafanya hayo kwa sababu aliishi pale pale. Alijua ni nani atakayesoma, anafuata adabu gani, na neno gani litamchukiza shehe au mchungaji apitapo. Tangazo lake lilikuwa la jirani akizungumza na jirani, na akiudanganya mtaa, mtaa ulijua nyumba yake. Malipo yake yalikuwa madogo, lakini alikuwa na fakhari moja isiyopatikana kwa seremala wa mlango wa kale: chini, pembeni, kwa herufi ndogo kuliko zote, aliandika jina lake mwenyewe, na zilipokuja simu akaongeza nambari. Kila ukuta aliouandikia mwingine ukawa pia tangazo lake.

Ni vyema kulinganisha jambo hili na yaliyotokea Marekani, kwa kuwa siku hizi wengi hudhani michoro ya mitaani ilianzia huko na kutufikia sisi kama bidhaa nyingine yoyote. Mjini New York, mwishoni mwa miaka ya 1960, vijana walianza kuandika majina yao ya kujipachika juu ya kuta na magari ya treni bila idhini ya mtu, na mmoja wao, aliyejiita Taki 183, akaandikwa na gazeti la New York Times mwaka 1971. Wao walianza na jina lao, wakafuatwa na polisi, na baada ya muda wakafuatwa na makampuni yaliyotaka kuwakodi ili bidhaa zao zipate harufu ya ujasiri ule. Kwetu mwendo ulikuwa wa kinyume. Mchoraji wetu alianza na idhini, kwa ijara, akiandika jina la mwingine, na jina lake mwenyewe akalipata kwa subira, kidogo kidogo, kutoka pembe ya chini ya ukuta. Makopo ya rangi ya kupulizia yalipowafikia vijana wa Nairobi na Dar es Salaam pamoja na muziki wa rap, yaliwakuta katika miji ambayo tayari ilikuwa imejaa kuta zinenazo, na watu waliozoea kuzisoma.

Jinsi jina hilo la pembeni linavyoweza kukua ilionekana Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akaja Dar es Salaam na kuajiriwa katika nyumba za watu. Kwenye mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vibao vya dari vilivyokatwa miraba, akitumia rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ile ya baiskeli na ya mabango, na picha zake zikauzwa nje ya duka la Morogoro Stores huko Oysterbay, ambako wageni walikuja kununua mahitaji yao. Hakuwa na ukumbi wala barua ya mwaliko; aliziweka picha njiani, nazo zikajinadi kwa rangi zake. Aliwafundisha vijana wa ukoo wake na marafiki, na ingawa alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, wale aliowaacha waliendelea mpaka wakaunda chama chao cha ushirika mwaka 1990. Jina alilokuwa akilitia chini ya picha zake limekuwa jina la mtindo mzima, na leo wanyama wa namna yake wako juu ya kuta za mahoteli na maduka ambayo wenyewe hawakupata kumwona.

Nchi ya Kongo inatupa mfano mwingine ulio karibu zaidi na biashara ya mabango. Chéri Samba, aliyezaliwa mwaka 1956, alifika Kinshasa mwaka 1972 akaingia kazini kwa waandishi wa mabango, na mwaka 1975 akafungua karakana yake. Alizitundika picha zake nje, mbele ya wapita njia, akaona kwamba watu hutazama na kuondoka upesi. Basi akaingiza maandishi ndani ya picha, kama afanyavyo mwandishi wa tangazo, ili asimamaye kutazama alazimike kusimama zaidi akisoma. Hila hiyo ya mtaani ilimfikisha Paris mwaka 1989, katika maonyesho makubwa ya Magiciens de la Terre, na wataalamu wakaiita sanaa mpya. Mimi naiona kuwa ni elimu ya bango iliyopata heshima iliyoistahili, na mwenyewe aliitia sahihi yake kwa herufi zisizojificha.

Lakini hakuna mahali ambapo ufundi huu ulichanua kwa nguvu kama juu ya magari. Nalo si jambo geni kwa watu wa bahari: mitepe ya Lamu, vyombo vile vilivyoshonwa kwa kamba bila misumari, ilichorwa macho mawili kwenye omo. Gari la abiria lilirithi haja hiyo hiyo ya kutambulikana. Dar es Salaam, ambako shirika la umma la usafiri la UDA lilikuwa peke yake mpaka magari ya watu binafsi yaliporuhusiwa mwaka 1983, daladala zilipewa mistari ya rangi kuonyesha njia zake, na mahali pa dereva kujisemea pakabaki nyuma, juu ya kioo, ambapo aliandika methali, dua, kijembe kwa mahasidi au sifa ya mama yake. Anayekwama nyuma ya daladala katika msongamano husoma vile vile alivyosoma babu yake barazani.

Nairobi ilikwenda mbali zaidi. Matatu, yaani magari yake ya abiria ya watu binafsi, ziliruhusiwa kubeba abiria kihalali mwaka 1973 kwa tamko la Rais Jomo Kenyatta, na zilipoongezeka, ushindani ukawa mkali mno kiasi kwamba magari mawili ya njia moja, yenye nauli moja, hayakuwa na cha kutofautiana ila sura. Wenye magari wakagundua kwamba kijana wa Buruburu au wa Rongai yu radhi kuliacha gari tupu lisilopambwa na kungoja lile lililochorwa, kwa kuwa alitaka kufika mjini kwa namna itakayomstahi. Tangu hapo mchoraji akawa sehemu ya mtaji. Bodi likitoka kwa mafundi wa mabati husuguliwa na kusawazishwa, hupakwa rangi ya chini, na mchoraji hukaa nalo siku nyingi akipuliza rangi kwa mashine, akianza na weusi wa kina na kumalizia na mng'ao wa jicho, hata sura ya mwanamuziki, ya mcheza mpira au ya shujaa aliyekufa itazame kutoka ubavuni kama iliyo hai. Gari la namna hiyo huitwa nganya, nalo humtangaza mwenyewe, humtangaza dereva, huutangaza mtaa linakotoka, na kila asubuhi linapozunguka katikati ya jiji huonwa na watu wengi kuliko picha yoyote iliyotundikwa katika jumba la sanaa.

Serikali haikuitazama kazi hiyo kwa jicho moja. Kanuni zilizoletwa na Waziri wa Uchukuzi John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilikusudia kulinda roho za abiria. Ziliamuru mikanda ya viti, vidhibiti mwendo na idadi maalumu ya abiria, na katika kufanya hivyo ziliamuru pia mstari wa manjano ubavuni mwa kila gari, na michoro ikafutika. Hakuna mwenye akili atakayelaumu mkanda wa usalama. Lakini mchoraji hakuwa amemwua mtu, naye alipoteza riziki yake pamoja na wale walioendesha magari kwa kichaa. Miaka kama kumi baadaye Rais Uhuru Kenyatta alisema hadharani kwamba vijana wanaochora matatu waachwe wafanye kazi yao, na michoro ikarudi. Mwaka 2018 msako wa kusimamisha upya kanuni za Michuki ukaitishia tena. Na hata hivyo nganya zingali barabarani. Ufundi uliofutwa mara kadhaa na kurudi kila mara haukuletwa na upotovu wa vijana. Umeletwa na haja ya kweli ya watu wa mji.

Tena kuta hizo hizo, zilizojifunza kuuza sabuni na nauli, zilionekana kuwa na uwezo wa kunadi mambo yasiyo na bei. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya ilipotumbukia katika mauaji, Solomon Muyundo, ajulikanaye kwa jina la Solo 7, alizunguka Kibera akiandika maneno ya kutaka amani juu ya kuta, milango na vibanda, kwa herufi kubwa za haraka, akitumia ufupi ule ule ambao mwandishi wa mabango humfundisha mwanafunzi wake. Mwaka 2012 wachoraji Uhuru B, Swift, Bankslave na wenzao, pamoja na mpiga picha Boniface Mwangi, walichora katikati ya Nairobi kiongozi mwenye umbo la tumbusi, ili mpiga kura ajione na kujiuliza amemchagua nani. Wale waliopita waliijua lugha hiyo tangu utotoni, kwa sababu waliisoma kwenye bucha na kwenye kinyozi, na kwa hivyo hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Katika miaka iyo hiyo yalikuja makampuni ya simu, na pamoja nayo sura mpya ya biashara ya kuta. Zamani makampuni ya soda yalikuwa yamekwisha anza desturi ya kumpakia mwenye kibanda rangi ya bure ili jina la soda likae juu ya jina lake. Makampuni ya simu yaliichukua desturi hiyo na kuipanua, hata ukipita katika barabara kuu za Tanzania, Kenya na Uganda utaona nyumba nzima, pamoja na dirisha la chumba cha kulala, imekuwa ya rangi ya kampuni. Mtandao ulioitwa Celtel uligeuzwa Zain mwaka 2008, ukageuzwa Airtel mwaka 2010, na kila ulipogeuzwa, kuta zilipakwa upya. Mahali ambapo mvua imebandua rangi mtu anaweza kuona tabaka moja juu ya jingine, na chini kabisa, kwa herufi zenye kivuli, jina la duka lililoandikwa na fundi wa mtaani. Na makampuni yalipoona kwamba vijana huzipita rangi hizo bila kuzitazama, yakawaendea wachoraji wa mitaani yakawaagiza michoro mikubwa yenye sura ya sanaa huria, na alama ya kampuni ikitiwa pembeni, pale pale palipokuwa pa sahihi.

Sisemi kwamba fundi amedhulumiwa kwa kupewa kazi. Kazi hiyo imelisha nyumba nyingi, na wachoraji kadhaa wamepata kuta pana na rangi nzuri ambazo wasingeweza kuzinunua. Ninachosema ni kwamba mambo mawili yamelegea kwa pamoja. La kwanza ni dhamana: ukuta ulioamuliwa katika ofisi ya mbali hauwajui wasomaji wake, nao ukinena uongo hakuna nyumba ya kwenda kubisha. La pili ni jina: ukuta wa kampuni aghalabu hauna sahihi ya aliyeuchora, na bango la plastiki lililochapwa kwa mashine, ambalo sasa ni rahisi kuliko ujira wa brashi, halina mchoraji kabisa. Kwa hivyo yule mtu wa pili, aliyechukua vizazi vingi kutoka katika ukimya wa seremala wa mlango mpaka pembe ya chini ya bango, yumo hatarini kurudishwa alikotoka.

Hili halihitaji kuachwa litokee. Halmashauri za miji, ambazo hutoza ada kwa kila tangazo linalowekwa ukutani, zina uwezo wa kuweka sharti kwamba kila mchoro wa biashara ubebe jina la mkono ulioufanya, na sharti hilo halitamgharimu mtu hata senti. Nyaraka za taifa zinazohifadhi barua za magavana zinaweza kuhifadhi vilevile picha za vinyozi, bucha na nganya kabla hazijapakwa upya, kwa sababu mwanahistoria wa kesho atajifunza kwazo watu walikula nini, walimpenda nani na walicheka na nini. Vyuo vya sanaa, kama kile cha Bagamoyo, vinaweza kumwita fundi mzee wa herufi aje na uzi wake na chaki yake, awafundishe vijana kwa nini O huzidishwa kidogo juu ya mstari. Na mwenye duka, maadamu angali na uhuru wa kuchagua atakayemnenea, afahamu kwamba akimwita fundi wa mtaa wake na kumruhusu atie sahihi, hupata pamoja na rangi mtu wa kuulizwa, anayesomeka jina na anayejulikana anapoishi; na mji ambao kuta zake zina watu wa kuulizwa ni mji unaoweza kuaminiana katika biashara na katika mambo yaliyo makubwa kuliko biashara.